Kutoka Dadu hadi Riwaya: Mchezo wa Mezani Humpa Mwandishi Nini Hasa?

Mtu akisema riwaya yake ilizaliwa kwenye mchezo wa dadu, wasikilizaji wanne watamwelewa kwa njia nne. Wa kwanza atafikiria kamari. Wa pili atafikiria michezo ya simu. Wa tatu atakumbuka aliwahi kusikia kwamba kuna mchezo fulani wa mashetani unaoharibu vijana. Wa nne, ambaye mwenyewe ana hamu ya kuandika, atadhani amepata njia ya mkato: acheze na marafiki miezi sita, anakili yaliyotokea, apeleke kwa mchapishaji. Wote wamepotoka, lakini huyu wa nne ndiye tutakayekaa naye zaidi, kwa sababu kosa lake hula mwaka mzima na kuwavunja moyo watu wenye kipaji.

Tuanze na majina. Mchezo wa mezani ni neno pana. Ludo imo, drafti inayochezwa kwa vifuniko vya soda kando ya barabara imo, ajua ya wazee wa Nyanza imo. Tunaouzungumzia hapa ni aina moja tu, nao tuuite mchezo wa uhusika. Watu watatu hadi watano wanakaa pamoja. Kila mmoja anabuni mtu mmoja na kusema kwa niaba yake. Huyo ni mhusika wake. Mwenzao mmoja hana mhusika wake peke yake, bali anaeleza mahali walipo, anasema kwa niaba ya watu wengine wote wanaokutana nao, na kuamua lini dadu zirushwe. Huyo ni mwongozaji. Mkutano mmoja, ambao kwa kawaida huchukua saa 3 au 4, ni kikao. Vikao vingi vinavyofuatana na wahusika walewale huwa msururu.

Aliyekulia Kenya ameshacheza mchezo huu bila kujua, maana aliwahi kucheza kalongolongo. Wewe baba, wewe mama, yule mwizi, hapa duka. Kalongolongo ina tatizo moja tu, na kila mtoto analijua: "Nimekupiga, umekufa!" "Sijafa, nilikwepa!" Hapo mchezo unaishia kwa kilio. Mchezo wa uhusika ni kalongolongo iliyopewa njia ya kumaliza ubishi huo. Panapotokea jambo ambalo laweza kwenda huku au kule, dadu huamua, na kila mtu mezani amekubali tangu mwanzo kuheshimu jibu lake. Hakuna mshindi. Hakuna dau. Hakuna pesa inayobadilisha mikono, na hiyo inatosha kumjibu yule wa kwanza: dadu ni chombo tu, kama kisu, na kisu cha kukatia sukuma wiki hakigeuki silaha kwa sababu kinafanana na cha jambazi.

Wa pili naye ajibiwe upesi. Simu haihitajiki, wala umeme. Ukiwa Kondele kule Kisumu au Section 58 kule Nakuru na stima imepotea, mchezo unaendelea kwa mshumaa.

Wa tatu anahitaji maelezo kidogo, kwa sababu hofu yake ina historia. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa kwa umma, Dungeons & Dragons, ulitolewa mwaka 1974 Marekani na Gary Gygax na Dave Arneson. Nyuma yake kulikuwa na michezo ya vita ya maofisa wa jeshi la Prussia ya karne ya 19, waliofundishwa mbinu kwa ramani, vipande vidogo na dadu. Mwaka 1979 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu kule Michigan alitoweka, mpelelezi akadai huenda alipotea chini ya ardhi akiigiza mchezo huu, magazeti yakaubeba uvumi huo. Kijana alipatikana akiwa hai, na mchezo haukuwa ndio uliomwondoa. Alikuwa na dhiki zake mwenyewe. Lakini habari ya kwanza ilikuwa imeshakimbia, na katika miaka ya 1980 makundi ya wazazi na wahubiri wa Marekani yaliushutumu mchezo kwa uchawi. Hofu ile ikasafiri kwa kanda na vijitabu hadi huku kwetu, ikafika bila maelezo ya pili. Mzazi anayeogopa hana haja ya kubishana na mtu: aketi kikao kimoja asikilize. Mashetani yakiwemo ni yale yale ya hadithi za bibi, yaani mazimwi na majini ambao shujaa hupambana nao.

Sasa tumgeukie wa nne.

Ni kweli kabisa kwamba mchezo huu umezaa riwaya. Margaret Weis na Tracy Hickman waliandika riwaya yao ya kwanza pamoja, iliyotoka mwaka 1984, sambamba na moduli za mchezo, yaani vijitabu vya kuongozea vikao, zilizosimulia matukio yale yale. Kule Japani, Ryo Mizuno na wenzake walichapisha jaridani kuanzia mwaka 1986 maandishi ya vikao vyao, yaliyopangwa kama mazungumzo ya tamthilia; riwaya yenyewe ikafuata mwaka 1988. Wakanada wawili, Steven Erikson na Ian Cameron Esslemont, walianza kujenga ulimwengu wao mezani mwaka 1982. Riwaya ya kwanza ya Erikson kutoka ulimwengu huo ilitoka mwaka 1999, na katikati ya safari hiyo hadithi ilikuwa imeandikwa kama mswada wa filamu ambao haukupata mnunuzi. Ty Franck alibuni anga na sayari zake kwa ajili ya mchezo, akaziendesha na marafiki, kisha Daniel Abraham, aliyekuwa mwandishi wa riwaya tayari, akaona kuna kitabu ndani yake. Wawili hao wakatoa kitabu cha kwanza mwaka 2011 chini ya jina moja la kalamu, James S. A. Corey.

Itazame mifano hiyo vizuri. Mizuno alikuwa na maandishi ya vikao mkononi, yamechapishwa na kupendwa, na bado ilimbidi akae aandike riwaya upya. Erikson na Esslemont walikuwa na ulimwengu mzima, na miaka 17 ikapita kabla ya kitabu. Kama kunakili kungetosha, kazi hiyo ingekuwa ya miezi. Mchezo uliwapa kitu chenye thamani kubwa, lakini kitu hicho hakikuwa hadithi. Kiliwapa matokeo: mtu fulani alitaka jambo, akajaribu, ikamgharimu, na mwenzake akaumia kwa gharama hiyo. Hadithi ni uchaguzi unaofanywa baadaye, mwandishi akiwa peke yake na karatasi.

Ili hilo lionekane wazi, tuvunje mchezo wenyewe vipande.

Kuna mifumo mingi ya kanuni. Dungeons & Dragons hutumia dadu yenye nyuso 20, na kila uso una nafasi sawa, asilimia 5. Kwa mwandishi, hata hivyo, mfumo bora zaidi ni ule ulioenezwa na Apocalypse World, mchezo uliotolewa mwaka 2010, kwa sababu unatumia dadu mbili za kawaida za ludo na jibu lake lina ngazi tatu. Unarusha zote mbili na kujumlisha. Ukipata 10 au zaidi, umefaulu. Ukipata 7 hadi 9, umefaulu lakini kwa gharama. Ukipata 6 kushuka chini, mambo yamekwenda mrama na mwongozaji ndiye anayesema vipi.

Hesabu yake ndiyo siri. Dadu mbili zina njia 36 za kuanguka. Njia 6 pekee ndizo zinazofika 10 au zaidi, yaani kama asilimia 17. Njia 15 huleta 7 hadi 9, na njia 15 nyingine huleta 6 au pungufu, takriban asilimia 42 kila upande. Mhusika mwenye ujuzi wa jambo huongezewa 1: hapo njia 10 ni ufanisi kamili, 16 ni ufanisi wenye gharama, 10 ni kushindwa. Asiye na ujuzi hupunguziwa 1, na kushindwa kunapanda hadi njia 21 kati ya 36. Kwa maneno mengine, hata fundi hodari, mara nyingi atapata alichotaka na kupoteza kingine. Maisha yenyewe huenda hivyo, na riwaya nzuri pia.

Tahadhari moja hapa, maana kosa hili hurudiwa sana na wasio na dadu. Watu huandika namba 2 hadi 12 kwenye vikaratasi 11, wakavitia kwenye kofia na kuchomoa kimoja. Hapo kila namba ina nafasi moja kati ya 11, na 7, ambayo kwa dadu mbili hutokea kwa njia 6, imenyang'anywa uzito wake. Ufanisi kamili unapanda hadi asilimia 27 bila mtu kuugusa. Kama dadu hazipo, chukua vifuniko 12 vya soda, andika 1 hadi 6 mara mbili kwa kalamu ya wino mzito, weka vifuniko 6 kwenye mfuko mmoja na 6 kwenye mwingine. Chomoa kimoja kila mfuko, jumlisha, kisha uvirudishe kabla ya mwingine kuchomoa. Usipovirudisha, watu wataanza kuhesabu vilivyobaki.

Mhusika naye huandikwa kwenye nusu ukurasa wa daftari. Jina, kazi, jambo moja analolitaka kiasi cha kukosa usingizi, jambo moja analolihofia, ujuzi mmoja wa kuongeza 1, na udhaifu mmoja wa kupunguza 1. Wanaodhani hili ni la Wazungu wamkumbuke Luanda Magere. Wajaluo wamesimulia habari zake tangu zamani: shujaa wa Kano ambaye mkuki haukuingia mwilini mwake kwa kuwa alikuwa jiwe, na uhai wake ulikuwa kwenye kivuli. Nguvu moja kubwa, udhaifu mmoja uliofichwa, na uamuzi mmoja: kumfunulia siri yake mke aliyetoka kwa maadui. Ukiviandika vitu hivyo vitatu kwenye nusu ukurasa, mhusika wako yuko tayari kuketi mezani.

Basi tuone kikao kinavyokwenda. Wachezaji watatu wako Kisumu, na wamechagua hadithi ifanyike ufuo wa Dunga. Mmoja anacheza Ouma, mvuvi mwenye boti. Wa pili anacheza Akinyi, mchuuzi aliyemkopesha Ouma pesa za injini. Wa tatu anacheza Wekesa, fundi kutoka Bungoma ambaye hapendi maji. Ni usiku wa giza, usiku wa omena, kwa kuwa taa huvuta samaki vizuri mwezi usipokuwepo. Magugumaji yamesogezwa na upepo, yamefunga njia ya kurudi, na rafadha imenaswa.

Mchezaji wa Wekesa anasema, "Nachukua panga la Ouma, nainama nyuma ya boti, nakata magugu." Mwongozaji anaona jambo hili laweza kwenda vyovyote, naye Wekesa hana mazoea ya maji, kwa hiyo atapunguziwa 1. Dadu zinaanguka 5 na 3. Jumla 8, ukitoa 1 ni 7. Amefaulu kwa gharama. Mwongozaji anamwekea mbele mambo mawili: ama taa izimike na boti nyingine wasiwaone tena, ama panga limponyoke lizame. Mchezaji anachagua panga. Hapo mchezaji wa Ouma, ambaye kwenye nusu ukurasa wake aliandika kwamba marehemu baba yake alimwachia vitu viwili tu, boti na panga, anainua macho.

Hakuna aliyelipanga hilo. Mwongozaji hakujua, Wekesa hakujua, na hata mchezaji wa Ouma alikuwa ameandika habari ya panga kujaza nafasi. Lakini sasa kuna jeraha kati ya watu wawili, na lina sababu ndani ya uchaguzi wa kila mmoja. Baada ya vikao viwili Ouma atakapokataa kuikodisha boti yake siku ambayo Wekesa anaihitaji kweli, hakuna atakayeuliza kwa nini. Mwandishi aliye peke yake mezani kwake huweza kubuni tukio kama hilo, ila mara nyingi hatalibuni, kwa sababu akili ya mtu mmoja hupenda kuwalinda wahusika wake. Marafiki watatu na dadu mbili hawamlindi mtu. Hiyo ndiyo zawadi ya mchezo.

Sasa ugumu. Kikao cha saa 3, watu wakizungumza kwa maneno 120 kwa dakika, ni zaidi ya maneno 21,000. Vikao vitatu tu vingezidi maneno 60,000, ukubwa wa riwaya ya kawaida. Lakini ndani yake kuna hesabu za dadu, vicheko, nani amemaliza mandazi, ubishi kuhusu upepo wa ziwa, na nusu saa ya watu kupanga safari ambayo hatimaye hawakwenda. Fikiria karai la omena mbichi. Linapendeza na ni zito, lakini sehemu kubwa ya uzito ni maji. Unaanika juani, unageuza, unapepeta mchanga, unachambua majani yaliyoingia na wavu. Kinachobaki ndicho kinachopimwa kwa gorogoro na kuuzwa. Anayeandika kikao kama kilivyokuwa anauza omena pamoja na maji ya ziwa, na mnunuzi huona.

Uanikaji huo huanza usiku uleule wa kikao, kabla ya kulala, kwa sababu kumbukumbu huchacha upesi. Usiandike matukio yote. Kwa kila tukio lililogusa watu andika mistari mitatu: nani aliamua nini, iligharimu nini, nani aliumia. Tukio la panga litakuwa: Wekesa alichagua taa kuliko panga, panga la baba yake Ouma limezama, Ouma. Kikao kizuri huzaa maandishi kama hayo manne au matano. Kikao kisichozaa hata moja kilikuwa cha kufurahisha tu, na hakina nafasi kitabuni, hata kama mlicheka mpaka machozi. Kurekodi sauti kwa simu kunaruhusiwa wenzako wakikubali, lakini rekodi ni akiba ya kuhakikisha jambo. Anayeitegemea hujikuta ananakili.

Vikao vinane au kumi vikipita, tandaza maandishi hayo sakafuni na uyaunganishe. Kati ya tukio na tukio jaribu maneno matatu: "halafu", "lakini", "kwa sababu hiyo". Panapokubali "halafu" peke yake, hakuna mshono, na moja kati ya matukio hayo litoke. Walivuka magugu, halafu wakakutana na askari, halafu wakaenda harusini: huo ni msururu wa vikao, kwani kila Jumamosi mwongozaji alileta jambo jipya. Panga lilizama, kwa sababu hiyo Ouma alikataa kutoa boti, lakini Akinyi alikuwa na deni lake mkononi: hapo riwaya imeanza kupumua.

Kisha chagua jicho, yaani mhusika ambaye msomaji ataona mambo kupitia kwake, na hapa ndipo wengi huanguka. Mezani wachezaji wote wana haki sawa, kila mmoja lazima apate zamu, na ni adabu iwe hivyo. Lakini matatu ya abiria 14 ina dereva mmoja. Ukijaribu kuwapa wahusika watano uzito sawa kitabuni ili rafiki asinung'unike, msomaji hatajua amshike nani mkono. Katika mfano wetu ningemchagua Akinyi, ingawa hakurusha dadu hata mara moja usiku ule. Yeye ndiye mwenye cha kupoteza pande zote mbili, na aliona yote. Wahusika wawili wanaofanya kazi moja waunganishwe wawe mtu mmoja. Mmoja wao atakosekana, na ni sawa.

Tukio lenyewe likiandikwa laweza kuwa hivi:

Panga lilizama bila kishindo. Wekesa alibaki ameinama, kiganja wazi, kama mtu anayesubiri kurudishiwa chenji. Akinyi alingoja Ouma aseme neno, hata tusi. Ouma aliwasha injini. Taa ya Dunga ilipoonekana, alimwambia Akinyi, "Mwambie huyo asogee katikati, boti inainama." Huyo. Asubuhi alikuwa bado anamwita Wekesa kwa jina.

Hakuna dadu, hakuna 7, hakuna chaguo la taa au panga. Kilichochukua dakika 15 mezani kimekuwa mistari michache, na jambo ambalo mezani lilionekana usoni mwa mchezaji tu, limepata neno moja la kulibeba. Uso wa rafiki yako hauchapishwi. Kila mlichokielewa kwa kutazamana lazima kitafutiwe kitendo au kauli. Kwa upande mwingine, vita huhitaji kupunguzwa kwa ukatili: mezani pigano moja laweza kula saa nzima kwa kuwa kila mtu anasubiri zamu yake, na kitabuni nusu ukurasa hutosha isipokuwa kama kuna mtu anayetoka pale akiwa amebadilika.

Kifo cha ghafla kina kanuni yake pia. Dadu zikimuua mhusika katika kikao cha tatu, meza nzima inanyamaza, na ni haki, kwa sababu wote waliona dadu zikianguka. Msomaji hakuziona. Kwake mwandishi ndiye aliyeua, na atataka kujua kwa nini. Dawa si kumfufua marehemu. Rudi nyuma kurasa 50 na upande mbegu: kikohozi, kamba iliyochakaa, boti inayovuja ambayo kila mtu aliahidi kuiziba. Mchezo hauwezi kurudi nyuma. Kitabu kinaweza, na hiyo ndiyo nguvu kubwa ambayo mwandishi anayo juu ya mwongozaji.

Kosa la upande wa pili ni la mwongozaji ambaye tayari ana riwaya kichwani na anatumia wenzake kama waigizaji. Kila wanapogeuka kulia anawarudisha kushoto. Mara moja mchezo unageuka baraza la chifu, watu wanakaa, wanasikiliza, wanaitikia, wanaondoka. Mbaya zaidi, anapoteza kile alichokuja kukitafuta, kwa sababu matokeo yote yametoka kwenye kichwa chake mwenyewe. Mwongozaji aandae mahali, watu watatu wanaotaka mambo yanayogongana, na tatizo moja ambalo halitasubiri. Mwisho asiuandae.

Lugha nayo ina mtego wake hapa kwetu. Mezani Kisumu au Nakuru watu huchanganya Kiswahili, Sheng, Kiingereza na lugha ya nyumbani ndani ya sentensi moja, na ndivyo inavyofaa, kwa kuwa hakuna anayefikiria kabla ya kusema. Ukihamishia yote kitabuni, msomaji wa Mombasa atakwama, na Sheng ya mwaka huu itakuwa imezeeka kabla ya kitabu kutoka. Ukisafisha yote, Ouma ataongea kama taarifa ya habari. Njia inayofaa ni usimulizi ubaki sanifu na mwepesi, na katika mazungumzo kila mhusika apewe maneno mawili au matatu yake mwenyewe, yanayojirudia. Inatosha.

Na kuhusu mazimwi: wanaoanza mara nyingi huazima viumbe vya vitabu vya kigeni kwa kudhani mchezo unavidai. Hauvidai. Eneo hili lina Simbi Nyaima, ziwa dogo karibu na Kendu Bay ambalo hadithi yasema ni kijiji kilichozama baada ya kumfukuza bikizee mgeni. Lina Kit Mikayi, miamba ya "mke wa kwanza". Lina kreta ya Menengai na masimulizi yake ya sauti za wafu. Lina Nyamgondho wa Gwassi, mvuvi aliyenasa mwanamke wavuni, akatajirika, akamtusi, na ng'ombe wote wakamfuata mwanamke kurudi ziwani. Hiyo ya mwisho ni funzo zima la uongozaji: ulimwengu unajibu unalofanya, na jibu lina mguu na pembe.

Kuazima viumbe vya watu kuna hatari nyingine, ya kisheria, na hapa imani mbili potofu hupigana. Moja yasema chochote cha mchezo ni mali ya kampuni. Nyingine yasema mchezo ni wa wote. Sheria ya hakimiliki, hata ya Kenya, hailindi wazo wala njia ya kucheza. Inalinda maneno na michoro iliyoandikwa au kurekodiwa, na kwa Kenya ulinzi huo hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo kurusha dadu mbili na kuhesabu 7 ni huru kwako, lakini kunakili kurasa za kitabu cha kanuni si huru. Waundaji wa Dungeons & Dragons wenyewe walilijua hili kwa uchungu: matoleo ya awali yalikuwa na viumbe walioitwa hobbit, jina lililotoka kwa mwandishi wa riwaya Tolkien, na wenye haki zake walipolalamika ikabidi jina libadilishwe. Tangu Januari 2023 sehemu kubwa ya kanuni za msingi za mchezo huo imetolewa kwa leseni huria inayoruhusu hata biashara, mradi chanzo kitajwe. Ukiwa na viumbe vya ziwa lako, hata hiyo huihitaji.

Linaloleta ugomvi zaidi ni la marafiki. Ouma alibuniwa na mwenzako. Kama aliandika kurasa mbili za maisha ya Ouma, maneno yale ni yake, na urafiki haubadilishi hilo. Kabla ya kikao cha kwanza, kila mtu akiwa bado ana moyo mweupe, andikeni ukurasa mmoja: nani ataruhusiwa kuandika kitabu kutokana na msururu huu, wahusika wa wengine watatumiwa kwa jina au watabadilishwa, majina ya wachezaji yatatajwa kwenye shukrani au la, na kama kitabu kitaingiza pesa zigawanywe vipi. Tieni sahihi na tarehe, kila mmoja abaki na nakala. Asiyetaka mhusika wake aingie kitabuni aheshimiwe. Badilisha jina, kazi na jeraha, na mtu mpya atazaliwa.

Kuanza kwenyewe ni kwepesi: meza, dadu mbili au vifuniko 12, nusu ukurasa kwa kila mchezaji, penseli kwa sababu mtafuta sana, chai, na saa ya ukutani ili kikao kisizidi urefu wa saa 3, maana baada ya hapo watu hurusha dadu kwa uchovu. Panga vikao vinane na uwaambie wenzako tangu mwanzo kwamba ni vinane. Na siku unapoanza kuandika sura ya kwanza, usiendelee kuucheza msururu uleule Jumamosi. Ukifanya hivyo Ouma wa mezani atamsamehe Wekesa wiki ileile ambayo Ouma wa kitabuni anahitaji kumkatalia boti, na utajikuta unawafuata wawili na kumpoteza mmoja.